Maiki Ikikata Katikati ya Laivu, Usikimbilie Dukani



Leo nimechukua swali la mdogo wetu mmoja wa Morogoro, anayefundisha hesabu za kidato cha nne laivu kupitia YouTube kila jioni. Anasema katikati ya somo wanafunzi huanza kumwandikia, "Mwalimu, hatukusikii." Wakati huo yeye anaendelea kufundisha, mdomo unaonekana ukicheza, mkono unaandika ubaoni, ila sauti hakuna. Mara nyingine inarudi yenyewe baada ya muda mfupi, mara nyingine hairudi mpaka achomoe maiki na kuichomeka upya. Ameanza kudunduliza fedha za maiki nyingine, na anataka nimwambie anunue ipi.

Mdogo wangu, hizo fedha ziweke kwanza. Sauti yako inapita mahali pengi kabla ya kumfikia mwanafunzi aliyeko Kilosa: inaanzia kwenye maiki, inapita kwenye waya, kwenye tundu la USB, ndani ya Windows, ndani ya programu unayorushia, ndipo inaingia kwenye intaneti. Maiki ni kituo kimoja tu, na kwa dalili ulizonieleza mara nyingi siyo yenye kosa. Ukinunua mpya ukaichomeka kwenye tundu lilelile, kwa waya uleule na mipangilio ileile, itakata vilevile, na fedha zitakuwa zimeshakwenda.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti ikipotea anaondoka. Kwa wanafunzi wako hasara ni kubwa zaidi, maana hatua moja ya kukokotoa ikimpita mtoto, zote zinazofuata hazimwingii. Kwa hiyo tuitafute sauti inapopotelea, kituo kwa kituo.

Anza kwa kuangalia picha. Unaporusha kwa OBS, ile programu ya kurushia laivu, picha na sauti husafiri pamoja. Mtandao ukielemewa, OBS hutupa fremu za picha kwanza ili sauti iendelee kupita, kwa hiyo bando likiwa dhaifu dalili utaiona kwenye picha: inaganda, inarukaruka, au kila mtu anaona lile duara la kusubiri. Wewe umesema mkono unaonekana ukiandika vizuri kabisa. Basi usiulaumu mtandao, tatizo liko hapo chumbani kwako. (Wenzangu wa Zoom na Google Meet, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Huko sauti na picha husafiri kila moja kivyake, na sauti inaweza kukatika peke yake kwa sababu ya mtandao.) Ukitaka uhakika, washa kurekodi ndani ya OBS wakati huohuo unaporusha. Ukimaliza, sikiliza faili lililobaki kwenye kompyuta. Ukikuta pengo la sauti hata humo, intaneti haihusiki kabisa, na kuanzia hapo majaribio yote unaweza kuyafanya kwa kurekodi tu, bila kula bando.

Sasa, kwenye majaribio hayo, tega sikio na uangalie taa ya maiki. Windows hutoa mlio kifaa cha USB kinapochomoka na mlio mwingine kinaporudi. Ukiusikia mlio huo bila mtu kugusa kitu, au taa ya maiki ikazimika na kuwaka tena, maana yake maiki imekatika umeme au mawasiliano, na kosa lipo kwenye waya, tundu au umeme. Kama taa haikutikisika na kompyuta imenyamaza, kosa lipo kwenye programu na mipangilio. Nakuomba hatua hii usiiruke, kwa sababu inakupunguzia nusu ya kazi.

Hapa nikutahadharishe kuhusu tundu la hedifoni lililoko kwenye maiki yenyewe, kama yako inalo. Kwenye maiki nyingi sauti unayoisikia pale inachukuliwa ndani ya maiki kabla haijaingia kwenye waya wa USB. Unaweza kujisikia safi kabisa masikioni na huku kompyuta haipati chochote. Kipimo cha kuaminika ni ile mistari ya kijani na njano ya sauti ndani ya OBS. Ikilala chini wakati unaongea, sauti haijafika.

Tuanze na waya, kwa sababu ndipo ninaposhuku zaidi nikisikia mtu anasema lazima achomoe na kuchomeka. Washa kurekodi, ongea mfululizo, na huku mkono wako unautikisa waya taratibu, kwanza upande wa kompyuta, halafu upande wa maiki, halafu katikati. Sauti ikikatika unapogusa upande mmoja, umeshalipata. Mara nyingi huwa ni upande wa maiki, hasa zile zenye tundu dogo kama la simu za zamani, maana maiki ikining'inia kwenye mkono wa stendi uzito wa waya unavuta tundu kila siku mpaka linalegea. Funga waya kwenye stendi kwa kamba au utepe, uache nafasi kidogo karibu na maiki ili usivutwe. Tundu likiwa limeshalegea, nenda kwa fundi wa simu. Anayebadilisha tundu la chaji kwenye simu anaweza kubadilisha na hilo, na gharama yake haifanani na ya maiki mpya.

Najua wengi mtaniambia, "Lakini dada, waya huu ni mzima, unachaji simu na hata picha nahamishia." Sikilizeni. Faili linapohamishwa, kipande kikiharibika njiani kompyuta hukituma tena mpaka kifike salama, na wewe hujui kama kuna kilichorudiwa. Sauti ya moja kwa moja hairudiwi. Kwenye maiki nyingi za USB inatumwa kwa vipande vidogo sana, kila sehemu moja ya elfu ya sekunde na kipande chake, na kilichopotea kimepotea. Ni kama treni ya SGR hapo Morogoro, saa yake ikifika inaondoka, na aliyechelewa anabaki stesheni. Ndiyo maana waya uliochoka kidogo tu unaweza kukufaa kwa kila kitu kingine ukakuangusha kwenye sauti. Tumia waya mfupi na mnene, ikiwezekana ule uliokuja na maiki. Kiwango cha USB 2.0 kinaruhusu waya usiozidi mita 5, na ukiunganisha waya wa nyongeza juu ya mwingine wa bei ya chini, matatizo hayasubiri mita hizo zifike.

Baada ya waya, umeme. Maiki ya USB haina betri, inakula umeme wa kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na la USB 3.0 hadi 900. Maiki peke yake haili sana. Shida inakuja na habu, kile kidude kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Kama habu haina chaja yake ya ukutani, hayo matundu manne yanagawana umeme wa tundu moja. Sasa hebu tazama mezani kwako: kamera imechomekwa kwenye habu, kipanya kipo, maiki ipo, na ile taa ya duara ya kung'arisha uso nayo imo humohumo. Taa hizo zinavuta umeme mwingi kuliko maiki yako. Ukiongeza mwanga, maiki inayumba. Taa ihamishie kwenye chaja ya simu ukutani, na maiki ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, tundu la peke yake. Wanaotumia kompyuta ya mezani watumie matundu ya nyuma, yale yaliyoungwa kwenye bodi kuu, waache ya mbele ambayo yanapitia waya mwingine wa ndani.

Kuna umeme mwingine ambao kompyuta inaukata kwa makusudi. Windows ina tabia ya kukilaza kifaa cha USB ili kubana matumizi ya betri, na vifaa vingine vikilazwa haviamki vizuri. Fungua Control Panel, ingia Power Options, kisha mipangilio ya kina ya mpango wa umeme unaoutumia. Utakuta sehemu ya USB yenye kipengele cha kulaza vifaa, kizime. Angalia vizuri hapo, kwa kawaida kuna nafasi mbili, moja ya kompyuta ikiwa kwenye chaja na nyingine ikiwa kwenye betri. Watu huzima ya chaja wakaisahau ya betri, halafu umeme wa nyumba unakatika katikati ya kipindi, kompyuta inahamia kwenye betri, na maiki inaanza kukata wakati ambao mtu anadhani ameshapona. Zima zote mbili. Kisha fungua Device Manager, kwenye orodha ya USB bofya kila palipoandikwa USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa umeme ondoa alama ya tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kompyuta nyingine mpya hazionyeshi kile kipengele cha kwanza, wenye hizo waende moja kwa moja kwenye hatua hii ya pili.

Mwalimu, wewe nakushauri uyafanyie kazi haya ya waya na umeme kwanza, kwa sababu umesema maiki hurudi ukiichomoa na kuichomeka. Badilisha kitu kimoja, rekodi kwa muda uleule wa somo lako kamili, andika kwenye daftari ulichokuta, ndipo ubadilishe kingine. Majaribio ya dakika tano yanadanganya, kuna makosa yanayojitokeza kompyuta ikishapata joto. Na ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, sauti ikitulia hutajua ni kipi kilichokuponya, na tatizo likirudi tena utaanza mwanzo.

Jambo moja linalowachanganya watu wakishabadilisha tundu: Windows inaweza kuitambua maiki ileile kama kifaa kipya na kuipa jina lenye namba mbele yake. OBS inabaki kuitafuta maiki ya tundu la zamani, na wewe unaona kimya, unadhani umeharibu. Ingia kwenye sifa za chanzo cha sauti ndani ya OBS, uchague maiki upya kwa jina lake. Usiache lile chaguo la "Default", kwa sababu linafuata kifaa chochote ambacho Windows inakiona ndicho kikuu kwa wakati huo. Hedifoni za Bluetooth zikijiunga tu, sauti inahamia kwenye maiki yao, na yako iliyo mbele ya mdomo inaachwa bila kazi.

Sasa niongee na ambao taa ya maiki haizimiki lakini maneno yanakatwakatwa. Hawa ni wengi kuliko wanavyojijua, na kosa lao kubwa ni kichujio cha Noise Gate. Najua kinavyoanza: Dar es Salaam au Mombasa joto limezidi, feni inavuma, mtu anataka mvumo wake usisikike. Anaweka kichujio kinachofunga sauti yote iliyo chini ya kiwango fulani, halafu anakipandisha mpaka feni inyamaze kabisa. Kweli feni inanyamaza, lakini na yeye ananyamazishwa kila anaposhusha sauti. Kwa Kiswahili madhara yake yanaonekana haraka, kwa kuwa mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho hutamkwa kwa upole. Kichujio kinaimeza hiyo. "Hesabu" inafika "hesa". Inaweza kumeza na mwanzo wa sentensi pia, penye sauti nyepesi kama s na h. Mwalimu anasema "si sawa na sifuri", ile "si" ya mwanzo inamezwa, na mtoto anaandika kinyume chake. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mtoto hajui kama amekosa kitu.

OBS inapoweka kichujio hiki kwa mara ya kwanza, kinafunga kwenye desibeli -32 na kufungua kwenye -26. Kama unaongea kwa upole au maiki iko mbali, viwango hivyo tayari ni vikali. Vishushe vyote viwili, na muda wa kushikilia, ambao huanza na milisekunde 200, uuongeze hata mara mbili ili kisifunge katikati ya pumzi. Afadhali zaidi, sogeza maiki. Ikae shubiri moja kutoka mdomoni, feni uielekeze nyuma ya maiki. Sauti yako ikiwa kubwa kuliko mvumo, kichujio hakina haja ya kuwa kikali, pengine hutakihitaji kabisa.

Wale wa kwaya, kaswida na ngoma, kwenu kuna jingine. Vichujio vya kuondoa kelele vimeundwa kutambua sauti ya mtu anayeongea, na dufu, kayamba au makofi huyachukulia kama kelele. Ndipo wimbo unapasuka na kupotea. Kwenye OBS vizimeni wakati wa kuimba. Kwenye Zoom kuna kipengele cha sauti halisi kwa ajili ya wanamuziki, kiwasheni.

Mengine nitayapitia haraka. Weka kiwango cha sampuli za sauti (sample rate) kiwe 48 kHz kwenye sifa za maiki ndani ya Windows na kwenye mipangilio ya sauti ya OBS, vilingane. Hapohapo kwenye sifa za maiki ondoa ruhusa ya programu moja kuishika maiki peke yake, na ufunge Zoom, Teams na kivinjari chenye kurasa zinazotumia maiki. Kama sauti inakwaruza kuliko kukatika, tazama matumizi ya kompyuta, ikiwa imeelemewa shusha ubora wa picha. Programu ya LatencyMon inaweza kukuonyesha draiva inayoichelewesha sauti, na nyakati nyingine huwa ni ya Wi-Fi, basi kuisasisha kunaweza kutosha.

Unayerusha kwa simu, simu yako ndiyo inayoilisha maiki umeme, kwa hiyo usianze laivu betri ikiwa imekaribia kuisha. Baadhi ya simu za Android zina swichi ya OTG, ya kuruhusu vifaa vya USB, kwenye mipangilio, na swichi hiyo hujizima yenyewe baada ya dakika 10 kifaa kisipotumika. Ukichomeka maiki mapema ukaenda kupaka poda, ukirudi simu imeshahamia kwenye maiki yake ya ndani bila kukuambia. Iwashe upya kabla ya kuanza. Halafu simu ikiita katikati ya kipindi, inanyakua maiki. Kama bando liko kwenye laini hiyohiyo huwezi kuweka hali ya ndegeni, kwa hiyo elekeza simu zinazoingia kwenye namba nyingine mpaka umalize, na WhatsApp uinyamazishe.

Na wenye maiki ndogo za kubana kwenye nguo zisizo na waya, nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 hutoa mwingiliano kwenye masafa hayohayo. Kama kipokezi chako kimechomekwa jirani na diski ya nje, sauti inaweza kukatika hata maiki iwe ya bei gani. Tumia waya mfupi wa nyongeza ukisogeze kipokezi mbali na diski, mahali kinapokuona.

Mwalimu, ukiwa bado unatafuta chanzo, somo la kesho lisisimame. Ndani ya OBS ongeza maiki ya kompyuta au ya kamera kama chanzo cha pili, uinyamazishe, na uweke kitufe cha mkato cha kuifungulia. Ubora wake ni mdogo, lakini wanafunzi watakusikia. Mwombe mwanafunzi mmoja mwaminifu awe ndiye wa kukupigia simu ya kubipu sauti ikipotea, maana ukiwa ubaoni huwezi kusoma ujumbe. Na ukisikia imekata, simama hapohapo ulipo kwenye swali, urudie hatua nzima sauti ikirejea.

Ukishajaribu maiki hiyo kwa waya mwingine, kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na bado ikakata kwa namna ileile, hapo ndipo nitakubali ni mbovu. Itoe vumbi la chaki kwenye tundu lake, ujaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, tafuta risiti. Kama dhamana haijaisha, mpelekee muuzaji pamoja na ile rekodi yenye mapengo kwenye kompyuta mbili, umchezeshee aisikie mwenyewe dukani, umwombe akubadilishie.